Soma kwa Sauti

Kitambulisho cha Manila kiliniandika Samoa.
Bwana mmoja, kikombe mkononi,
akaniuliza habari za visiwa vyetu.
Nikamwambia naitwa Somoe, na kwetu hakuna bahari,
kwetu ni Newala,
maji tuliyafuata bondeni tukapanda nayo kichwani.
Akacheka. Akaandika mahali kwamba nina mifano mizuri.

Ndivyo ninavyokula.
Nauza mifano mizuri:
Nairobi kwa wenye mabenki, Doha kwa wauza bima,
Jeneva kwa watu ambao kazi yao ni kukutana.
Siku tatu, mada tisa, cheti chenye mhuri wa rangi ya dhahabu.
Nawafundisha kusimama. Miguu sawa na mabega,
mikono isijifiche, macho yasikimbie,
neno zito lisitanguliwe na "samahani".
Usiku naamka kupapasa swichi
upande ilikokuwa katika hoteli ya juzi.

Na swali hawalikosi: Mama, sauti hiyo umeisomea wapi?
Hutaja chuo. Kipo, sisemi uongo,
nilikaa wiki sita, baridi ikanitoa kamasi.
Lakini kilinikuta nimeshaanza kusema.

Ghala la chama, msimu wa korosho, nina miaka tisa.
Baba ana mtoto wa jicho.
Karani Litunungu ana kalamu nyepesi.
Gunia likipanda kwenye mizani, baba hunisukuma mbele:
"Somoe, soma. Kwa sauti."
Naruka kidogo niuone mshale.
"Themanini na nne!"
Karani ameshaandika sabini na tisa.
"Themanini na nne!"
Sasa foleni nzima imegeuka,
na mama mmoja wa nyuma, kitoto mgongoni,
anasema, huyo binti asome na langu.
Nikasoma lake. Nikasoma ya shemeji zake,
nikasoma ya watu wa Mkunya nisiowajua.
Jioni sikuwa na sauti. Nilikuwa na ndoo ya mabibo.

Miguu sawa na mabega hakunifundisha mtu,
nilisimama hivyo nisianguke.
Na "samahani" nilikuwa nazo, tele,
ila baba alikuwa amesimama kwenye njia ya kurudi.

Mwaka huu, mwezi wa kumi, nilishuka Mtwara na ndege ya asubuhi,
nikapanda Newala kwa gari la kukodi,
kompyuta begani, slaidi arobaini
juu ya Sauti ya Mkulima.
Mwenyekiti Nang'ondo akanitambulisha kwa dakika kumi na mbili,
mimi nikaachiwa saba.
Umeme ukakatika kwenye slaidi ya pili.
Hilo halinitishi; umeme ukikatika nina mada yake.
Nikashusha pumzi, nikapanga miguu, nikafungua kinywa,

na nyuma yangu mizani mpya ya betri ikalia piip.
Kijana wa karatasi akataja kilo chinichini
kama anayemnong'oneza bi harusi.
"Ngapi?" akauliza bibi mwenye gunia.
Kijana anaandika.
"We baba, ngapi?"

Sijui mwenyekiti alifikiri nini nilipompa mgongo.
Niliinama kwenye kile kioo, tarakimu nyekundu zinatetemeka,
nikangoja zitulie.
"Sabini na sita, nukta tano!"
Kalamu ikasita. Ikafuta kitu.
"Na la pili yake," akasema bibi, hata hakuniangalia,
"usome hivyo hivyo."

Magunia mia na kumi na tatu.
Ndege ya jioni ilikwenda na kiti changu kitupu,
Dubai wakaandika kwamba wamesikitika sana,
na kuhusu malipo tutazungumza.
Saa kumi na moja sauti ikanikauka kabisa.
Kwenye buti mtu aliweka ndoo, sikumwona nani.
Mabibo yalipasuka kwenye kona za Nanganga, au nilipotoka tu,
juisi ikaingia kwenye zulia,
na dereva alilalamika njia nzima hadi Mtwara.
Sikuweza kumjibu.